Dawa Mbili Katika Kifua Kimoja
Hotuba iliyosomwa mbele ya Jumuiya, Nyamirambo



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nawashukuru kwa kunipa nafasi katika siku hii ya ukumbusho. Nimetakiwa niseme juu ya maradhi ya pumu, nami nimechagua jambo moja tu: mgonjwa atumiapo dawa mbili za kufungua kifua kwa pamoja, je, dawa hizo husaidiana au hudhuriana? Utafiti uliofanywa Kigali na Huye, ukachapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu watu 9 katika kila 100 wana pumu. Basi katika safu chache za swala hakosi kuwamo mmoja wao. Na aghalabu nyumbani kwake mna dawa ya kuvuta aliyopewa kituo cha afya, vidonge vya duka la dawa, na vingine alivyogawiwa na jirani kwa wema.

Mirija ya pumzi imezungukwa na misuli myembamba. Pumu ikishika, misuli hiyo hukaza, na ngozi ya ndani ya mirija huvimba na kutoa makohozi. Ni mambo mawili, si moja: kukaza na kuvimba. Dawa za kufungua kifua hulegeza ule mkazo. Uvimbe hauondolewi nazo.

Nianze na dawa zisaidianazo. Salbutamoli, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969, huuamrisha msuli ulegee, nayo hufanya kazi kwa dakika chache. Ipratropiamu huzuia ile amri ya mishipa ya fahamu iuambiayo msuli ukaze. Asili yake ni atropini, itokayo katika mimea ya jamii ya mnanaha, ule ambao wazee wa kale walivuta moshi wake kwa ajili ya kifua. Walakini mmea huo una sumu isiyopimika, wala asiurudie mtu. Dawa hizi mbili hupita njia mbalimbali kufikia jambo moja. Kwa hiyo katika shambulio kali daktari akizitia pamoja, mgonjwa hupumua vizuri zaidi kuliko kwa salbutamoli peke yake, na wanaolazimika kulazwa hupungua.

Sasa nije kwa dawa zenye kujumlisha madhara. Theofilini, na ndugu yake aminofilini, ni vidonge vya zamani ambavyo kipimo kinachoponya kimekaribiana mno na kipimo kinachodhuru. Akivimeza mtu huku akivuta salbutamoli mara kwa mara, moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, na madini ya potasiamu hushuka katika damu hata mapigo ya moyo yaweza kuharibika. Zamani viliuzwa vidonge vilivyochanganya theofilini na efedrini. Uchunguzi wa Marekani katika miaka ya 1970 ulionyesha kuwa mchanganyiko huo uliongeza kichefuchefu na kukosa usingizi, bila ya kuongeza nafuu. Tena baadhi ya dawa za kuua vijidudu, kama erithromisini na siprofloksasini, huizidisha theofilini mwilini. Basi mwenye kuandikiwa dawa ya kikohozi na amtajie daktari kila kidonge alichonacho.

Zipo pia dawa zipinganazo. Propranololi, ambayo hupewa wenye shinikizo la damu, huufunga mlango ule ule ambao salbutamoli huupitia, na yaweza kuzusha shambulio. Hata matone ya macho ya timololi yaweza kufanya hivyo. Mzee mwenye pumu asikope dawa ya presha ya mwenziwe.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili. Mwenye kulegeza msuli kila siku na kuuacha uvimbe, huona nafuu hali maradhi yanaendelea chini kwa chini. Mwaka 2003 huko Marekani jaribio la salmeteroli, dawa ya kufungua kifua kwa saa nyingi, lilisimamishwa kabla ya muda wake; waliopewa dawa hiyo walikufa kwa pumu zaidi ya wenzao. Dawa ya namna hiyo haifai kutumiwa bila ya dawa ya kuvuta ya kuondoa uvimbe. Zikiwa pamoja, kama formoteroli na budesonidi katika chombo kimoja, kila moja huisaidia nyenzake. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu washauri kwamba mtu mzima asitibiwe kwa salbutamoli pekee.

Dawa hiyo ya pamoja aghalabu huvutwa asubuhi na jioni, kwa hiyo wengi waweza kuipanga wakati wa daku na wa futari; lakini amwone daktari kabla ya Ramadhani kuingia. Akishikwa mchana, na avute dawa yake papo hapo. Habari ya hukumu ya dawa ya kuvuta wanazuoni wana maneno yao, na masheikh wetu wapo; ama ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, hiyo haina khitilafu.

Nausia mambo mawili. Kila nyumba yenye mgonjwa iandike dawa zake zote katika karatasi moja, na karatasi hiyo ifuatane naye kwa daktari na dukani. Na mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi kwa kuhema, au ambaye midomo yake imegeuka rangi, au ambaye dawa ya kuvuta haimpi nafuu, apelekwe hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu.