Malipo ya Televisheni Nyumbani

Uingereza ilianza kutoza leseni ya televisheni mwaka 1946, pauni 2 kwa mwaka. Hapa Arusha, tangu mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka 2013, mwenye televisheni ya zamani hana budi kuwa na king'amuzi, na vituo vya kulipia hulipiwa aghalabu kwa mwezi, kwa njia ya simu.

Basi kabla ya kutuma fedha, isomeni namba ya kadi tarakimu moja moja, tena mara mbili. Ikikosewa moja tu, fedha ya unga yaweza kumfungulia picha mtu msiyemjua. Ujumbe wa malipo msiufute; ndio shahidi wenu. Na fedha ikipungua, kumbukeni: televisheni yaweza kungoja, daftari la mtoto haliwezi.