Barakoa ya Usingizini Ikichakaa, Nani Alipe?

Mjini Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, wapo wanaokoroma, wakanyamaza ghafla, kisha wakashtuka wakitweta. Huenda koo linaziba usingizini. Mashine ya kusukuma hewa huiacha njia ya hewa wazi, lakini barakoa, mipira na vichujio vyake huchakaa.

Nani alipie vifaa vipya?

Nchini Kenya, tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa awali wa bima ya hospitali. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kuichangia. Kabla ya kununua, mgonjwa aombe barua ya daktari yenye matokeo ya kipimo cha usingizi na sababu ya kubadilisha kifaa, kisha aulize SHA kama kinalipiwa.

Akikataliwa, adai jibu la maandishi. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeweka baraza la kutatua migogoro.