Gharama ya Motokaa: Kisii na Ng'ambo
Wagusii wengi wanakaa Minnesota, Marekani, nao hutuma fedha nyumbani ili ndugu wanunue motokaa ya abiria. Huko ujira wa fundi huhesabiwa kwa saa, tena ni mkubwa. Kwa hiyo chombo kibovu hutupwa na kipya kutiwa. Mjini Kisii ni kinyume: ujira ni mdogo, bali vipuri ni ghali, maana husafiri kwa meli hadi Mombasa na kulipiwa ushuru. Ndiyo sababu fundi wa Kisii huchomelea na kuchonga, na ustadi wake si haba. Chakula nacho: Nyamira ndizi hukatwa shambani, Minnesota hununuliwa dukani. Basi mwenye Probox ipandayo milima ya Nyamira na aweke kando fedha za breki na springi kila jioni, kabla ya kumpelekea ndugu yake hesabu ya faida.