Video, Simu na Muziki: Neno la Wazee wa Makanisa kwa Wazazi na Vijana wa Nakivale

(Hotuba iliyosomwa katika kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, mbele ya wakaaji wa kambi na wageni kutoka Ruharo, Mbarara)

 

Kwanza tunamshukuru Mungu aliyetulinda hadi leo. Siku hii imekuwa ikiadhimishwa duniani kila tarehe 20 Juni tangu mwaka 2001, lakini Nakivale ni ya zamani kuliko siku yenyewe. Ardhi hii imepokea watu tangu ndugu zetu walipoikimbia Rwanda kufuatia vurugu za mwaka 1959. Baada yao wamekuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Tunaishukuru serikali ya Uganda na wenyeji wetu wa Isingiro waliotupa mahali pa kulima na pa kuzika.

Kamati ilituomba, sisi wazee wa makanisa, tuseme neno. Mara nyingi tumesema juu ya subira. Safari hii wazazi wametaka tuseme juu ya vibanda vya video, simu na muziki. Wako wanaotaka tumwombe Mheshimiwa Komandanti avifunge vibanda vyote. Wako vijana waliotuambia wazi kwamba tukivifunga hawatakanyaga kanisani tena. Tumekaa, tumesali, tumesikilizana, na haya ndiyo tuliyokubaliana.

HEMA, KINUBI NA CHUMA

Tulianza kwa kufungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 4. Pale tunasoma habari za Lameki, mtu wa uzao wa Kaini, na wana wake watatu. Yabali ni baba wa wakaao katika mahema na kufuga ng'ombe. Yubali ni baba wa wapiga kinubi na filimbi. Tubal-kaini ni mfua vyuma vya shaba na chuma. Basi ona, ndugu: hema, muziki na ufundi vilizaliwa katika nyumba moja. Sisi tuliofika hapa tukalala chini ya turubai tunaielewa nyumba hiyo. Hata leo, ukipita jioni Base Camp, Juru au Rubondo, utaona turubai, utasikia muziki, na utaona mwanga wa simu.

Lakini sura hiyohiyo inaendelea. Baba yao Lameki anawakusanya wake zake na kuwaimbia maneno ya kujisifu: ameua mtu kwa sababu ya jeraha tu, na kisasi chake kitakuwa mara sabini na saba. Kwa hiyo nyumba iliyopewa kinubi na chuma ndiyo pia iliyotunga wimbo wa kisasi. Biblia haikisemi vibaya kinubi, wala haikilaani chuma. Inatuonyesha ni nani aliyeimba, na aliimba nini. Petro alipomwuliza Bwana Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, Bwana alichukua hesabu ya Lameki akaigeuza kuwa hesabu ya msamaha. Hapo ndipo tutakapopimia mambo yote tunayosema leo.

FURAHA SI DHAMBI

Tunapenda wazazi wenzetu wasikie hili vizuri. Mtu aliyefiwa, aliyetembea usiku kwa usiku kuvuka mpaka, anahitaji kucheka. Wayahudi walipokuwa uhamishoni Babeli walitundika vinubi vyao kwenye miti, kwa kuwa waliowateka ndio waliowataka waimbe. Huzuni ile ilikuwa ya haki. Lakini nabii Yeremia aliwaandikia hao hao wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na waoze, na wauombee amani mji waliohamishiwa. Nani anaoza mtoto bila ngoma? Na Bwana wetu mwenyewe alifanya ishara yake ya kwanza kwenye karamu ya harusi, Kana ya Galilaya.

Kwa hiyo kwaya zetu ziendelee, na gitaa, na kinanda cha umeme, na spika. Mpira uchezwe. Tunawaomba na ndugu wa mashirika wasihesabu uwanja wa mpira na vyombo vya muziki kuwa vitu vya anasa, vya mwisho katika orodha. Kijana asiye na shule wala kazi, ukimnyima na mchezo, umemwachia nini?

KIBANDA CHA VIDEO

Wengine wanasema sinema ni kitu cha shetani. Historia haikubaliani nao. Kati ya mwaka 1935 na 1937 ni Baraza la Kimataifa la Wamisionari lililoanzisha mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki, na lori lake likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko kuzionyesha. Filamu iitwayo Jesus, iliyotoka mwaka 1979 na kufuata Injili ya Luka, imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 1,000, Kiswahili kikiwemo, na kuonyeshwa vijijini kwa jenereta na shuka jeupe. Na redio vilevile: kati ya mwaka 1963 na 1977 Walutheri walikuwa na kituo kikubwa Addis Ababa kilichopeleka Injili hewani kwa lugha nyingi, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi. Baba zetu katika imani hawakukimbia vyombo hivi. Walivishika.

Shida ya kibanda ni nyingine. Kwanza, ni saa. Mtoto wa shule ya msingi anakaa ndani kutoka mchana mpaka usiku, na mama hajui yuko wapi. Pili, ni kile kinachoonyeshwa. Filamu ya watu wazima inafuata filamu ya watoto bila mtu kutolewa nje, na mtoto aliyemwona baba yake akiuawa kwa panga anauziwa damu ile ile kama mchezo. Tatu, ni tafsiri. Nyote mnawajua hawa VJ, ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wamekuwa wakifasiri filamu za kigeni kwa Kiganda hapa Uganda. Ni watu wenye kipaji, na wageni wengi wamejifunza Kiganda kwao. Lakini VJ haishii kufasiri. Anaongeza utani wake, anamcheka huyu, anamsifu yule mwenye bunduki. Kijana anayesikiliza afahamu kwamba anasikia maneno ya mtu, na ajiulize kama anakubaliana nayo.

Wageni wetu wa Ruharo wanatoka mahali panapojulikana kwa macho. Wako watu wa kambi hii walioongozwa kwa mkono kwenda hospitali ya misheni ya Ruharo, wakarudi wakiona. Tunawashukuru sana. Daktari anafanya kazi yake jicho lione. Likishaona, hachagui litazame nini. Kazi hiyo ni ya mwenye jicho, na kwa mtoto ni ya mzazi.

KAMARI

Kwenye jambo hili hatuna maneno mawili. Mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa hadi asilimia 70 mwezi Aprili 2020, kisha asilimia 60 mwezi Februari 2021, na baada ya hapo umepungua tena, hata wengine wameondolewa kabisa. Katika hali hiyo kijana anachukua pesa ya unga anaiweka kwenye mechi ya Uingereza, nchi ambayo hajawahi kuiona. Akishinda mara moja, atacheza mara ishirini. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kwa hiyo anayempokea mtoto wa shule kwenye meza ya kubeti anavunja sheria ya nchi iliyotupokea, siyo amri ya kanisa tu. Mpira tutazame, tushangilie, tubishane. Pesa ya unga ibaki kwa unga.

SIMU

Simu ni neema. Wazee mnakumbuka barua za Msalaba Mwekundu, karatasi moja iliyozunguka miezi ikimtafuta ndugu. Leo mama anasikia sauti ya mwanawe kutoka Bukavu, Nairobi au Marekani jioni hiyo hiyo, na msaada wake unafika kwa simu. Zamani wengi wetu tulitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Mwaka 2019 tume ya mawasiliano ya Uganda iliruhusu mkimbizi asajili laini kwa kitambulisho chake cha mkimbizi au barua yake ya usajili. Hilo ni jambo la kushukuru, kwa maana laini iliyo kwa jina lako ni mali yako.

Lakini kuna mambo mawili yanayopita katika simu ambayo tunawaonya.

La kwanza ni matapeli. Mtu anapiga simu akisema anafanya kazi ofisini, jina lako limetoka kwa safari ya kwenda Kanada au Australia, tuma pesa ya faili. Ndugu zangu, huduma za UNHCR na za washirika wake ni bure, toka kuandikishwa mpaka kupanda ndege. Anayeomba pesa ni mwizi, hata kama anajua namba ya kadi yako. Msitume. Nendeni ofisini mkaulize.

La pili ni zito zaidi. Tangu vita viliporudi Kivu ya Kaskazini mwishoni mwa mwaka 2021, na hasa baada ya Goma kutekwa Januari 2025, simu zetu zimejaa sauti na picha za mauaji, na maneno ya kutukana kabila fulani. Wengine wanazituma kwa machungu, wengine kwa kujifurahisha tu. Hapa Nakivale watu wa makabila hayo hayo wanapanga foleni moja ya maji. Watoto wao wanakaa dawati moja.

Tumeshaona mwisho wa njia hiyo. Redio RTLM ilianza Rwanda Julai 1993, na vijana waliipenda kwa sababu ilipiga muziki mzuri na watangazaji wake walijua utani. Mwaka 1994 redio hiyo hiyo iliwataja watu ili wauawe. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu waliohusika nayo Desemba 2003. Mahakama hiyo hiyo, Desemba 2008, ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi miaka 15 gerezani. Hakuhukumiwa kwa nyimbo zake, bali kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti juu ya gari, barabarani huko Gisenyi, akiwahimiza watu waue majirani zao. Kinubi cha Yubali, chuma cha Tubal-kaini, na wimbo wa baba yao Lameki, vyote katika gari moja.

Zamani ilihitajika redio nzima. Leo kila mmoja wetu ana kipaza sauti mfukoni. Ukipokea sauti ya chuki ukaituma mbele, usiseme si mimi niliyeitengeneza. Umeipaza. Mkristo akipokea kitu hicho, kiishie kwake.

TUNAYOYAOMBA

Kwa hiyo hatutamwomba Komandanti avifunge vibanda. Tunaomba mambo manne.

1. Wenye vibanda wakubaliane na RWC juu ya saa za watoto, na ikifika jioni watoto watoke. Anayekataa, RWC wamchukulie hatua.

2. Meza za kubeti zisiwe ndani ya kibanda ambamo watoto wanaingia.

3. Kila kanisa lenye umeme wa jua lifungue mlango wake angalau jioni moja kwa wiki, vijana watazame mpira au filamu nzuri pamoja na wazee, kisha wazungumze walichokiona. Tusilaumu kibanda ikiwa sisi hatuna mahali pa kumkaribisha kijana. Tunaomba mashirika yatusaidie kwa mashine ya kuonyeshea na vitabu.

4. Wachungaji, mapadri na mashehe tuwe na sauti moja dhidi ya ujumbe wa chuki, na kila mmoja aanze na watu wa kabila lake mwenyewe. Mimi kumkemea Mkongo wa kabila la mwenzangu ni rahisi. Kumkemea wa nyumbani kwangu ndiyo kazi.

Vijana wetu, hatuwaogopi, wala hatuziogopi simu zenu. Mnajua kuzitumia kuliko sisi. Tunawaomba mtufundishe, nasi tutawaeleza tuliyoyaona kabla hamjazaliwa, ili yasirudi.

Mungu aibariki Nakivale, aibariki Uganda, na atupe amani katika nchi tulizotoka.