Hesabuni Miaka ya Hati Zenu
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Dabaso)



Nimeombwa niseme juu ya ardhi, wala si juu ya mshahara. Lakini mtu akifanya kazi hotelini miaka 30, akatia akiba yake yote katika mawe na mabati, nyumba ile ndiyo mshahara wake. Ikimpotea, ni kama hakulipwa.

Kwanza tutenganishe. Aliye na shamba la skimu kwa hati isiyo na mwisho wa miaka, leo simsumbui. Aliyejenga juu ya ardhi ya mwingine, akamlipa mwenyewe kodi, yaani nyumba bila ardhi kama tusemavyo hapa pwani, huyo nitamrudia. Nasema hasa na mwenye ploti Malindi, Kilifi au Watamu kwa hati ya kukodi kutoka serikalini, ile tunayoiita lisi.

Lisi ina mwisho wake. Wengi wakiona 99 hulala usingizi. Miaka hiyo haianzi siku uliyonunua wewe. Huanza tarehe iliyoandikwa ndani ya hati. Hati ya miaka 99 iliyoanza tarehe 1 Januari 1934 itakwisha tarehe 31 Desemba 2032, hata kama wewe ulinunua juzi. Ulichonunua ni masazo.

Mimi mwenyewe nilikosea hapo. Marehemu baba mkwe wangu alinunua ploti kwa mtu, na hati ikakaa katika sanduku la bati chini ya kitanda. Sote tukahesabu tangu siku aliyonunua. Shemeji yangu alipokwenda kutafuta mkopo aongeze vyumba, karani wa benki ndiye aliyetuonyesha kwamba imebaki miaka 6 tu. Mkopo tukanyimwa. Tena hati ilikuwa bado katika jina la marehemu, ikabidi kuanza na mirathi: watoto saba, wawili Mombasa, mmoja ng'ambo, na kila mmoja na neno lake. Miaka miwili ikaishia hapo, na ombi lenyewe bado halijaandikwa.

Sasa sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, fungu la 13, pamoja na kanuni zilizotolewa mwaka 2017, humpa mwenye lisi nafasi ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, maadamu ni raia wa Kenya na ardhi haitakiwi kwa kazi ya umma. Serikali yapaswa kumwarifu kwa barua ya rejista katika miaka mitano ya mwisho. Lakini, ndugu zangu, barua hiyo huenda kwa anwani iliyo katika rekodi. Kama sanduku la posta ni la marehemu, nani ataifungua? Basi msingoje barua.

Kuomba kabla ya muda kwisha ni kurefusha: hati ingali hai, nawe waomba ukiwa mwenyewe. Kuomba baada ya kwisha ni kutaka upya: ardhi imekwisha rudi serikalini, nawe wasimama mlangoni. Nafasi ya kwanza ungali nayo, ila kusimama ndani na kusimama mlangoni si hali moja. Na kodi ya ardhi lipeni, risiti mziweke. Mwenye deni huambiwa alipe kwanza.

Msidhani kuomba miaka ni aibu. Walowezi walipewa miaka 99 kwa sheria ya 1902. Hawakuridhika, wakapiga kelele kwa umoja wao, na sheria ya 1915 ikawapa 999! Miaka 999, wakati babu zetu walihesabiwa kuwa wapitaji katika mashamba yao wenyewe. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyosema kwamba asiye raia hatapita 99.

Namrudia mwenye nyumba bila ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka watu wa pwani walete madai yao. Aliyeandikishwa alipata hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Ndiyo sababu wengi wetu tuna kuta na hatuna udongo. Wewe, fungu la 13 halikulindi, kwa kuwa mwenye ardhi wako si serikali. Risiti ya kodi ya mwezi haikupi miaka hata mmoja. Mtake mwenye ardhi mkataba wa maandishi, wenye idadi ya miaka, na uandikishwe katika ofisi ya ardhi. Akikataa, usiongeze chumba. Najua ni neno gumu kwa mwenye watoto wanaokua, lakini nalisema.

Katibu ataketi chini ya mwembe baada ya mkutano. Mwenye hati na aje nayo, au aje na nakala, tutazame tarehe pamoja. Na wale ambao hati zao zina majina ya marehemu waje mbele kwanza, maana safari yao ndiyo ndefu.