Rangi na Hesabu: Maneno ya Waalimu kwa Wanachama wa Rongai



Mwaka huu mzazi mmoja alitujia akiwa na karatasi ya mwanawe mkononi, imepakwa rangi ya kijani, kahawia na manjano. Akatuuliza, "Waalimu, mimi nauza mahindi ili mtoto ajue hesabu, au ajue kupaka rangi?" Swali lake ni la haki, nasi twapenda kulijibu mbele yenu nyote.

Watoto wa Gredi ya 7 hufundishwa milinganyo, yaani hesabu za kutafuta namba isiyojulikana. Elimu hii ni ya kale. Al-Khwarizmi aliiandikia kitabu huko Baghdad katika karne ya 9. Wala si ngeni kwa mkulima. Magunia matatu yenye uzito sawa, pamoja na kilo 30 zilizo nje, yakitimiza kilo 300 katika mizani, gunia moja lina kilo ngapi? Mzee ataondoa zile 30, zibaki 270, kisha atagawa kwa tatu, apate 90. Mtoto huandika 3x + 30 = 300, akafuata njia ile ile. Sharti ni moja: litendwalo upande mmoja wa mizani hapana budi litendwe na upande wa pili.

Shida tuliyoikuta haikuwa akili za watoto, bali hofu. Mtoto akikosea ubaoni, wenzake humcheka, na kesho yake hainui mkono tena.

Kwa hiyo tuliwaweka wanne wanne. Kila kundi hupewa picha, tuseme ya ng'ombe malishoni, iliyogawanywa vipande, na kila kipande kina mlinganyo wake. Jibu ndilo litoalo rangi: x ikiwa 4, kijani, ikiwa 7, kahawia. Kila mtoto hufanya hesabu katika daftari lake, na hapana ruhusa ya kushika kalamu ya rangi mpaka wawili wapate jibu moja. Wakitofautiana, hurudi hatua kwa hatua hadi walione kosa. Na kosa likiwapita, ng'ombe hutokea na mguu wa kijani. Hapo hucheka wote pamoja, wakairudia hesabu kabla mwalimu hajasema neno.

Hatufichi upungufu wa njia hii. Mtoto mwerevu aweza kukisia rangi kwa kuitazama picha, na mvivu aweza kumwachia mwenzake kazi. Ndiyo sababu twasahihisha daftari, si picha. Na mwisho wa juma kila mtoto hufanya hesabu peke yake, bila rangi.

Yule mzazi tulimwomba aketi na mwanawe. Mtoto akafungua daftari, akamweleza hesabu ya magunia tangu mwanzo hata mwisho. Mzazi akamtungia nyingine, ya madebe ya maziwa, na mtoto akaifumbua pale pale.

Basi twaomba mambo mawili. Kwanza, chama kitenge fedha kidogo za karatasi na kalamu za rangi, maana zilizopo hazitoshi. Pili, jioni mtoto anapofungua daftari, mzee amwulize, "Umepataje?" kabla ya kumwuliza, "Umepata ngapi?" Swali hilo halina gharama, nalo litatusaidia kuliko kalamu zote.