Profesa Yash Pal Ghai: Kutoka Katiba Hadi Alama za Vidole



Mkaazi wa Faza au Kiunga anapoweka kidole kwenye mashine ya serikali, alama ile huenda wapi? Nani huiona? Jambo hili lilifikishwa mahakamani na mwanasheria wa zaidi ya miaka 80.

Profesa Yash Pal Ghai alizaliwa Kenya mwaka 1938. Alisoma Oxford na Harvard, akafundisha sheria Dar es Salaam, Warwick na Hong Kong. Wengi humkumbuka kwa Tume ya Marekebisho ya Katiba, aliyoiongoza hadi 2004. Tume hiyo ilizunguka maeneobunge yote 210 ya wakati huo, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi yakiwemo, kusikiliza wananchi. Rasimu yake ilivutaniwa, ikabadilishwa, na iliyobadilishwa ikakataliwa kwenye kura ya maoni ya 2005. Hata hivyo mengi, ugatuzi ukiwemo, yalirudi katika Katiba ya 2010. Bila ugatuzi kusingekuwa hata na serikali ya kaunti ya kulalamikia.

Katiba hiyo, katika Kifungu cha 31, inalinda faragha. Wasomaji wengi hukipita haraka. Ghai hakukipita. Serikali ya kitaifa ilipoanza kutoa kadi za Huduma mwishoni mwa 2020, yeye na Katiba Institute, taasisi aliyoshiriki kuianzisha, walikwenda Mahakama Kuu. Hawakusema kitambulisho ni kibaya. Walisema Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka hatari kwa mwananchi ipimwe kwanza, na haikupimwa. Serikali ikajitetea kwamba data ilikusanywa kabla ya sheria hiyo kuanza. Oktoba 14, 2021, Jaji Jairus Ngaah aliikataa hoja hiyo, kwa kuwa haki ya faragha tayari ilikuwa ndani ya Katiba. Akaamuru tathmini ifanywe kabla ya kadi kuendelea.

Kwa mvuvi au mama wa duka, maana yake ni hii: anayechukua nambari ya kitambulisho, picha au alama ya kidole, awe hospitali, kampuni ya mikopo ya simu au afisi, anapaswa kueleza ni ya kazi gani na nani atapewa. Jina likiandikwa makosa, mwenyewe ana haki ya kutaka lisahihishwe. Asiporidhika, hupeleka malalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Na afisi za kaunti hii zimo katika sheria hiyo hiyo.